Wavu kwenye matundu ya kava ya pikipiki: kuuchagua, kuufunga na kuutunza mwenyewe

Kuanzia Juni mpaka mvua za vuli zirudi, njia za ndani za Kwa Mrombo, Arusha, hutimua vumbi la kijivu linaloingia hadi kwenye kikopo cha chumvi jikoni. Ukitoka humo ukashika lami, unakutana na Fuso la kokoto linalodondosha mzigo kila linaporuka tuta. Mwenye pikipiki akishapigwa mawe mawili matatu kwenye kava ya mbele, anaanza kujiuliza: nikiweka wavu kwenye haya matundu, nitakuwa nimeisaidia pikipiki au nimeiua?

Inategemea pikipiki uliyonayo na wavu utakaouchagua. Kazi yenyewe si ngumu. Mtu mwenye bisibisi, mkasi wa bati na mchana mmoja usio na haraka anaimaliza uani kwake bila kumwita fundi. Kinachowagharimu watu ni kununua wavu usiofaa, au kuufunga mahali ambapo haukutakiwa kabisa.

Kava ninayoisema hapa ni ganda la plastiki linalofunika mbele na ubavu wa pikipiki. Baadhi ya matundu yake yanapitisha upepo wa kupoza injini. Mengine ni urembo tu, kwa ndani yamezibwa. Chukua tochi ya simu uchungulie kabla ya kutoa shilingi. Tundu lililozibwa kwa ndani halihitaji wavu. Ukitaka kuliwekea kwa kupendezesha, sawa, ila ujue unalipia urembo.

Wavu unazuia nini?

Unazuia vitu unavyoviona kwa macho: kokoto, vipande vya matofali, majani, mbegu za nyasi zinazonasa kwenye rejeta ya kupozea injini, makaratasi ya pipi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini vifuko vya karanga na barafu bado vinapepea barabarani, na kimoja tu kikibandika kwenye rejeta kinaziba sehemu kubwa ya upepo. Unazuia pia kumbikumbi wanaotoka kwa mafungu baada ya mvua za kwanza. Panya nao hawapo mbali. Pikipiki ikilala wiki nzima karibu na ghala la mahindi, wanaingia ndani ya kava, wanaleta nyasi zao na kutafuna nyaya.

Vumbi hauzuii. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapopoteza pesa. Udongo wa ukanda huu umetokana kwa sehemu kubwa na majivu na mawe ya volkano ya Mlima Meru, mlima wa mita 4,566 ambao mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910. Chembe zake ni ngumu na zina makali. Zikipenya ndani ya injini zinasaga ringi za pistoni na kuta za silinda, na dalili utaiona kwenye bomba la moshi: moshi wa bluu, na oili inayopungua bila kuvuja popote. Lakini chembe hizo ni nyembamba kuliko unywele, na wavu wa kuzuia mawe una matundu ambayo njiti ya kiberiti inapita bila kugusa. Hakuna wavu wa chuma utakaozikamata. Kazi hiyo ni ya eakilina, yaani chujio la hewa linalokaa kwenye boksi lake chini ya siti au ubavuni. Kama pesa uliyonayo inatosha kitu kimoja tu, badilisha eakilina, wavu utasubiri.

Mawe nayo yana dawa ya bure inayoushinda wavu: umbali. Fuso likiwa mbele yako, rudi nyuma mpaka uone vioo vyake vyote viwili. Dereva atakuona, na kokoto nyingi zitakuwa zimeshatua chini kabla hujafika.

Pikipiki yangu inahitaji?

Tazama injini inavyopozwa. Pikipiki nyingi za bodaboda, kama Boxer na TVS HLX, zinapozwa na upepo. Utaona mapezi ya chuma yamezunguka silinda, yale mabati mengi membamba yaliyopangwa sambamba, na hakuna kitu kingine mbele yake. Injini ya namna hii usiiwekee wavu mbele. Jiwe likigonga pezi linaacha alama tu, halina maji ya kumwaga. Wavu ndio utakaonasa tope la masika, tope litakauka, na injini itabaki inapumua kwa taabu. Kama una Boxer na ulikuja hapa kutafuta namna ya kuikinga injini yake, nimekuokolea pesa.

Pikipiki zinazopozwa kwa maji ni habari nyingine. Hizi zina rejeta, sahani nyembamba yenye mistari midogo iliyosimama nyuma tu ya gurudumu la mbele, na mara nyingi feni ndogo mgongoni mwake. Humo huzunguka kulanti, maji ya rangi yanayobeba joto kutoka kwenye injini. Pulsar NS200 na RS200 ni za aina hii, na Yamaha R15 pia. Rejeta imetengenezwa kwa alumini laini. Jiwe moja likiingia kwa kasi linaweza kuitoboa, kulanti ikamwagika barabarani, na injini ikaungua kama hukuwahi kuzima. Ukiwa na pikipiki ya namna hii kwenye barabara zetu, wavu una maana. Vilevile zile zenye kipoza oili, kirejeta kidogo chenye mabomba mawili mbele ya injini, kama Pulsar 220.

Kundi la tatu ni pikipiki yoyote yenye mdomo wa kuvutia hewa ya eakilina ulio wazi. Wavu mgumu wa matundu makubwa kwenye mdomo huo unafukuza panya na majani, hata kwa Boxer. Sharti lake ni moja: ukae kabla ya eakilina, usikae baada yake. Kipande cha waya kikikatika mbele ya eakilina kitaishia kwenye chujio. Kikikatikia kati ya eakilina na kabureta, kitaingia kwenye injini. Wapo pia wanaovisha mdomo huo soksi au sponji ya kuogea ili kuzuia vumbi. Hewa ikipungua, kabureta inachanganya petroli nyingi kuliko hewa, moshi unakuwa mweusi, plagi inashika masizi, na matumizi ya mafuta yanapanda. Hilo usilifanye.

Taa ya mbele, indiketa na namba za usajili ziache wazi. Wavu mbele ya taa hupunguza mwanga na kutupa vivuli barabarani, na trafiki atakuwa na haki ya kukusimamisha.

Kabla hujaanza, pikipiki ni ya nani? Kama uko kwenye mkataba na bado unapeleka hesabu kwa bosi, usitoboe kava bila ruhusa yake. Mweleze, mwonyeshe mahali, na ukipata jibu kwa ujumbe wa simu ni vizuri zaidi kuliko kwa mdomo. Pikipiki mpya iliyo ndani ya dhamana, uliza kwanza kwa aliyekuuzia. Katika hali zote mbili kuna njia ya kufunga bila kutoboa, tutaifikia.

Wavu gani, ununue wapi?

Kipimo chepesi cha dukani ni penseli na njiti ya kiberiti. Njiti ipite kwa uhuru, penseli isipite. Wavu wa namna hiyo una matundu ya kati ya milimita 4 na 6 hivi, na huo ndio unaofaa rejeta. Wavu wa dirisha wa kuzuia mbu una matundu ya milimita moja na kidogo, unaziba kwa tope mara moja, kwa hiyo muuzaji akikwambia ni mzuri kwa sababu ni mwembamba, mshukuru uondoke. Wavu wa banda la kuku nao ni mpana mno, kokoto inapita bila kugusa waya. Na kwa kuwa tunaongea Kwa Mrombo, penye sifa ya nyama choma, nitaje na wavu wa kuchomea: nondo zake ni nene na nzito, zitavunja kava kwa mtikisiko. Uache palepale kwenye mkaa.

Unene wa waya unahusika zaidi kuliko watu wanavyodhani. Chukua wavu wenye tundu la milimita 5 na waya wa milimita 1. Kila tundu pamoja na waya wake linachukua mraba wa 6 kwa 6, yaani 36. Hewa inapita kwenye 5 kwa 5, yaani 25. Karibu theluthi moja ya mlango wa hewa imeshaliwa na waya kabla hata tope halijafika. Waya ukiwa milimita 1.5, unakuwa umepoteza zaidi ya theluthi moja: mraba unakuwa 42, na hewa inabaki 25 ileile, yaani asilimia 59 tu. Chagua waya mwembamba kadiri unavyoweza kuupata, alimradi ukiubonyeza kwa kidole gumba haulali.

Kwa upande wa chuma, alumini na chuma kisichoshika kutu ndivyo bora. Wavu uliochovywa zinki, ule unaong'aa kama bati jipya, unafaa pia, na ndio utakaoupata kwa urahisi. Ulizia ule unaowekwa kwenye meza za kuanikia kahawa. Huku Meru kahawa inalimwa, kwa hiyo wenye maduka ya vifaa vya ujenzi wanaufahamu. Matundu yake hutofautiana, penseli yako iwe mfukoni. Chuma kitupu kisicho na zinki kitashika kutu masika ya kwanza.

Anza na maduka ya vifaa vya ujenzi ya hapohapo Kwa Mrombo. Ukikosa, panda mjini, maduka ya jirani na soko la Kilombero na ya Barabara ya Sokoine. Kwenye karakana za Unga Limited uliza vipande vya mabaki. Tundu la kava linahitaji kipande kisichozidi ukubwa wa daftari, na mwenye karakana mara nyingi anacho kimoja kona kinachokanyagwa tu. Kwa modeli zenye rejeta zinazojulikana kuna pia wavu uliotengenezwa tayari kwa modeli hiyo, wenye mashimo yake ya bolti. Ukiupata kwa bei unayoimudu, nunua huo na uruke sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata.

Bajeti yangu ingekuwa hivi, kwa makadirio, maana bei hupanda na kushuka: wavu nusu mita shilingi 5,000 hadi 10,000, pakiti ya tai za plastiki 3,000 hadi 5,000, bolti ndogo na washa 2,000, msasa 1,000, na kopo la rangi nyeusi ya kupuliza 6,000 hadi 8,000. Tenga 26,000 na hutaaibika dukani. Mkasi wa bati azima, usinunue kwa kazi moja. Tai za plastiki ni zile kamba za kufungia nyaya za umeme ambazo ukishazikaza hazirudi. Chukua nyeusi, si nyeupe, kwa sababu nyeupe hupasuka haraka juani. Ukimpa fundi kazi yote, kubalianeni bei kabla hajashika bisibisi, na mwambie wazi kama hutaki kava itobolewe.

Kutoa kava

Pikipiki iwe imepoa kabisa. Isimamishe kwa stendi ya kati, au iegemeze vizuri mahali tambarare, na utoe ufunguo. Mfuniko wa rejeta usiuguse injini ikiwa na joto, maji yake yamo kwenye presha na yatakurukia usoni.

Piga picha kila upande kabla ya kulegeza chochote. Kisha toa bolti moja moja, uzipange kwenye trei ya mayai kwa mpangilio uliozitoa, kwa sababu bolti za kava hazilingani urefu, na ndefu ikiingia pa fupi inaweza kutoboa kitu nyuma yake. Ukishamaliza bolti, kava bado itashikilia. Kuna vibanio vya plastiki vimejificha na vipini vinavyoingia kwenye raba. Usivute kwa hasira. Papasa kwa vidole ukingoni, tafuta kinaposhika, sukuma hapo. Nyaya za indiketa zikiwa zimeunganishwa kwenye kava, bonyeza ulimi wa soketi uzichomoe, usivute waya wenyewe.

Kava ikishatoka, iweke juu ya kitenge au gunia ili isichubuke, ioshe kwa maji na sabuni na uiache ikauke. Tumia nafasi hiyo kutazama rejeta. Mapezi yaliyolala yanyooshe taratibu kwa ncha ya kijiti, usitumie chuma.

Sasa geuza kava uangalie upande wa ndani. Mahali fulani pamebandikwa herufi zilizochomoza kwenye plastiki yenyewe, kati ya alama mbili za mshale. Ukiona ABS, hiyo ni plastiki ngumu inayokubali gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili inayochanganywa. Ukiona PP, ni plastiki laini yenye mafuta mafuta, na gundi karibu zote zitabanduka hata ukikwaruza vipi. Kwa PP tumia tai au bolti. Herufi hizo zinaokoa mabishano mengi ya vijiweni kuhusu gundi ipi ni kiboko.

Kukata

Usikate wavu kwa kukisia. Chukua boksi la karatasi, lishikilie nyuma ya tundu, chora ukingo wa tundu kwa penseli kutoka mbele, kisha ongeza sentimita moja na nusu kuzunguka pande zote. Kata boksi, lijaribu mahali pake. Likikaa vizuri, ndilo pateni yako. Liweke juu ya wavu, chora kwa kalamu ya wino mzito, kata kwa mkasi wa bati. Kama kava imejipinda sana, zungusha pateni ili waya zikae kimshazari. Wavu uliokatwa kimshazari unakubali kupinda bila kukunjamana.

Vaa glovu nene na miwani yoyote. Ncha za waya zilizokatwa zinachoma kama sindano, na vipande vinaruka. Tandika gazeti chini au fanya juu ya sinia pana, na ukimaliza pitisha sumaku ya spika mbovu uani kote. Kuku humeza vipande vya waya, na ng'ombe au mbuzi akimeza kimoja kwenye majani kinaweza kumtoboa tumbo. Wavu wa alumini haushikwi na sumaku, huo ufagie kwa makini.

Kunja ukingo wa milimita 5 kuelekea nyuma kwa koleo, uupige ulale. Ukingo uliokunjwa hautaikwaruza kava wala vidole vyako siku ya kuosha, na unaupa wavu ugumu.

Ukitaka rangi, wavu wenye zinki una utelezi. Usugue kwa msasa, uoshe kwa siki ya jikoni, suuza, ukauke. Puliza mkono mwepesi ukiwa umeshika kopo umbali wa sentimita 25 hadi 30, subiri, rudia. Ukipuliza nzito mara moja, rangi inaziba matundu, na matundu ndiyo uliyoyalipia.

Kuufunga

Wavu unakaa upande wa ndani wa kava. Kwa nje utaonekana ukingo safi wa plastiki na weusi nyuma yake. Lakini kumbuka upepo unatoka mbele na utausukuma wavu uachane na kava, kwa hiyo usiamini ncha mbili tu. Tundu la ukubwa wa kiganja lipate vishikizo visivyopungua sita.

Njia isiyotoboa ni ya tai za plastiki. Kava nyingi kwa ndani zina mbavu, vijiti na masikio ya bolti. Pitisha tai kwenye tundu la wavu na kuzunguka sikio hilo, kaza kwa mkono, halafu kata mkia ukiwa sambamba na kichwa, usiache ncha ya kukata ngozi. Weka tai mbali na bomba la moshi. Nailoni ya kawaida inavumilia joto la nyuzi 85 hivi, na bomba la moshi linapita hapo mbali sana. Uzuri wa njia hii ni kwamba unaikata siku ya kuosha na kufunga upya kwa shilingi chache. Mimi ndiyo ninayoipendelea, hata kwa pikipiki isiyo ya mkataba.

Njia ya bolti ni imara zaidi. Toboa kava kwa drili ya mwendo wa polepole, biti ya milimita 4, ukiwa umeweka kipande cha mbao nyuma. Shimo lisikaribie ukingo chini ya sentimita moja, plastiki itapasuka. Bolti iingie kutoka nje, kwa ndani weka washa pana, kisha nati yenye raba ndani yake, ile isiyolegea kwa mtikisiko. Kaza mpaka washa isimame kuzunguka, basi. Wapo wanaotoboa kwa msumari uliopashwa kwenye jiko la mkaa. Inatoboa, ila ukingo wa shimo unabaki na uvimbe na moshi wake si wa kuvuta. Ukilazimika, fanya nje, na uuparue ukingo kwa wembe kabla ya kuweka washa.

Gundi ni kwa kava ya ABS na kwa tundu ambalo hutarajii kulifungua mara kwa mara. Kwaruza plastiki na ukingo wa wavu kwa msasa, futa kwa spiriti, weka epoksi kwa vidonge vidonge, bana kwa vibanio vya nguo, acha mpaka kesho yake. Supa gluu inapasuka kwa mtikisiko na kuacha ukungu mweupe kwenye plastiki. Gundi ya bunduki ya moto inalainika pikipiki ikisimama juani. Silikoni inayonuka siki inakula chuma.

Popote ulipofunga, kati ya wavu na rejeta pabaki angalau sentimita moja. Jiwe likigonga, wavu utabonyea. Usipokuwa na nafasi, utakuwa umeusukumia mwenyewe waya ndani ya rejeta.

Kujaribu kabla ya kurudi barabarani

Rudisha kava kwa kufuata picha. Kisha, pikipiki ikiwa imesimama, zungusha usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, mtu mwingine akiwa amechuchumaa mbele anatazama. Bonyeza pia shokamzoba za mbele mpaka chini. Wavu, tai au bolti isiguse gurudumu, madigadi, waya wa klachi wala bomba la breki. Kitu kikigusa kidogo leo, kitakata waya kabla ya mwezi kwisha. Usukani ukikwama hata robo ya upana wa kidole, toa wavu uanze upya.

Baada ya hapo kuna joto. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji kwenye sufuria yetu yanachemka karibu na nyuzi 95, si 100. Rejeta inajiongezea uvumilivu kwa presha ya mfuniko na kwa kulanti, kwa hiyo mfuniko mchovu au rejeta iliyojazwa maji ya bomba ni tatizo la kurekebisha kabla ya kufikiria wavu. Ukishajiridhisha, tafuta mlima mmoja wa kujaribia. Barabara ya kupanda Ilboru inafaa. Ipande mara moja bila wavu, ukiangalia geji ya joto na kusikiliza feni, halafu ipande tena na wavu, saa ileile ya mchana. Geji ikipanda juu kuliko mwanzo, au feni ikiwaka mapema na kukataa kuzima, wavu wako unabana hewa. Tafuta wenye matundu mapana au waya mwembamba. Taa nyekundu ya joto ikiwaka, simama, zima, subiri ipoe.

Kuutunza

Kiangazi, mara moja kwa wiki sugua wavu kwa mswaki mkavu na utoe mbegu za nyasi. Masika ni kila jioni uliyopita kwenye tope, na usisubiri likauke. Maji ya ndoo yanatosha. Ukipeleka kwa waosha pikipiki wenye mashine, waambie wasielekeze mdomo wa maji kwenye rejeta kwa karibu, presha ile inalaza mapezi na kusukumia tope ndani zaidi. Maji yamwagwe kutoka nyuma ya wavu kuja mbele, njia ileile tope lilikotoka.

Kila unapobadilisha oili, shika wavu uutikise kwa mkono. Ukisikia unagonga, kuna tai imekatika au nati imelegea. Waya uliokatika mmoja unaweza kuukata na kuukunja. Zikiwa tatu pamoja, badilisha wavu wote, kwani pateni ya boksi bado unayo. Chini ya siti weka tai nne tano za akiba na koleo dogo, maana kava ikianza kupiga kelele ukiwa njiani usiku, mbali na duka, tai mbili zitakufikisha nyumbani.